Vikombe Vilivyopoa Haraka

"Shangazi, si ungenyamaza tu?"

Mpwa wake mkubwa alimuuliza hivyo jikoni, mdomo umejaa mkate. Shangazi mtu akamkata jicho. "Kunywa chai yako, mdadisi wewe." Chai ikanyweka, swali likabaki.

Shangazi alikuwa nesi katika wodi ya watoto njiti, na wenzake walikuwa wamembatiza Mama Chemsha. Vikombe vidogo vya kunyweshea maziwa alivichemsha mpaka mfuniko wa sufuria ukacheza, na ole wake nesi mgeni atakayevitoa mapema.

"Kwani unapika mayai?" walimtania.

"Mayai hayashikwi na homa," aliwajibu, na kazi ikaendelea.

Kisha homa ikaingia wodini. Ilimshika mtoto mmoja, ikaenda kwa wa pili, halafu ikamfikia mtoto wa kaka yake mwenyewe, kichanga kidogo mno hata nyumbani wakamwita Kidole. Maabara ilikuta bakteria wa aina moja kwenye damu ya wote watatu. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Wataalamu wakapima mikono ya manesi, vitanda, mashuka, hata maziwa. Kote safi. Bibi yake Kidole aliamua kwamba mchawi ni wageni na vumbi lao, akasimama mlangoni kama askari.

Mama wa Kidole ndiye aliyeuliza, wala si kwa ubaya.

"Wifi, mimi nyumbani chombo kikichemka nasubiri kipoe mpaka nachoka. Vyako vinapoaje haraka hivi?"

"Navipitisha bombani kidogo. Watoto wanalia, nisubiri nini?"

Maneno yalimtoka, kisha yakamrudia. Kumbe vikombe anavichemsha kwa bidii yote ile, halafu anavisuuza kwa maji ambayo hayajachemka! Wifi yake hakushtuka. Alikuwa amemwinamia mwanawe. Shangazi angeweza kuacha kimya kimya kuanzia siku hiyo, na hakuna ambaye angejua homa ilikotoka.

Akavua glavu, akaenda moja kwa moja kwa daktari wa wodi.

"Daktari, mmepima kila kitu isipokuwa bomba langu."

Daktari akakuna kichwa. "Lile? Si sote tunanawa pale?"

Fundi alipofungua kichujio kidogo cha mdomoni mwa bomba, kilitoka na utelezi kama njia ya konokono. Kikapelekwa maabara: bakteria ni yule yule. Bomba likafungwa, vikombe vikaachwa vipoe vyenyewe chini ya kitambaa safi, na watoto wakabadilishiwa dawa. Mkuu wa manesi alimfokea Shangazi mpaka akaishiwa pumzi, kisha akamkumbatia.

Homa zikashuka, moja baada ya nyingine. Asubuhi moja Kidole akanywa maziwa yote, akaangua kilio cha hasira kwamba yameisha. Shangazi akakaa kwenye stuli, akicheka peke yake. Hajawahi kusikia kelele tamu namna ile.

Siku hizi Kidole anakimbizwa nyumba nzima ndipo aoge. Yule mpwa mkubwa yuko sekondari, na udadisi haujamtoka. Juzi, wakikunja nguo, aliuliza tena: si angenyamaza tu, akaacha kusuuza?

Shangazi aliikunja shuka mpaka mwisho.

"Ningeacha mimi, mwanangu. Na wenzangu je? Wodi nzima ilikuwa ikisuuza vile, na ni mimi niliyewafundisha."