Dakika Moja ya Kujiombolezea Kasulu

Mimi nimewahi kusimama kwenye maombolezo yangu mwenyewe, tena nikiwa nimevaa kitenge kipya, na kwa kuwa sokoni hapa Kibondo siku hizi wananisalimia "marehemu, umeamkaje", heri mnisikie mimi kabla wao hawajawatilia chumvi (kutia chumvi ni kazi yangu).

Binti yangu Neema aliingia shindano la mabinti kule Kasulu, lile la kutembea jukwaani na kujibu swali, mshindi anasomeshwa chuo cha uuguzi. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye, na njia nyingine ya kumfikisha chuo sikuiona. Sasa mimi kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, mtu mzima na miwani yangu, kwa hiyo utafiti naujua (nilifeli hesabu tu, na kemia, na fizikia). Nikatafuta kwenye simu video za mashindano yaliyopita, nikaziangalia mpaka macho yakaumuka kama maandazi, nikagundua swali la mwisho halibadiliki: kwa nini unataka kusoma? Nikaanza kunakili jibu la mshindi wa mwaka uliopita, bando likakata katikati, nikamtuma Neema akamalizie kwa simu ya rafiki yake.

Akarudi, akawa ananizungukazunguka.

"Mama, huku mwishoni kuna neno."

Nilikuwa nampimia mteja maharage. "Usibadili hata nukta. Aliyesema hivyo sasa yuko chuoni."

"Lakini mama..."

"Hata nukta, Neema."

Siku ikafika, ukumbini nikakaa na mama mmoja muuza vitenge wa pale Kasulu, nikamwonyesha mwanangu kama mara arobaini. Swali likaja lile lile, nikapiga kigelegele ambacho nadhani Manyovu walikisikia. Neema akatiririka vizuri, halafu akatazama chini, akasema, "Nataka kuwa muuguzi kwa sababu ya marehemu mama yangu, aliyefia mikononi mwangu."

Mshereheshaji akafuta macho, akaomba tusimame dakika moja, wakasimama wote, na mimi nikasimama (ungefanyaje?), nikainamisha kichwa, na katika kuinama nikawaza kwamba siku nikifa kweli, watu wote hawa sitawapata hata robo.

Yule muuza vitenge akanivuta nguo. "Dada, si ulisema huyu ni mwanao?"

"Nyamaza, mama, nakuomba."

Hakunyamaza. "Jamani, marehemu huyu hapa. Na ndiye aliyekuwa anapiga vigelegele."

Jaji akamgeukia Neema, naye akajibu polepole kwenye kipaza sauti, "Mama aliniambia nisibadili hata nukta." Ukumbi ukaangua kicheko, na tangu hapo jina lake halikutajwa tena.

Kwenye basi la kurudi, tunakaribia kuingia Kibondo, ndipo akanigeukia. "Nilikuwa na jibu langu, mama. La sisi tulivyokuwa tunasomea meza moja, wewe unasinzia, mimi nakuamsha."

Sasa yuko Kasulu, anashona kwa fundi, anajitafutia ada mwenyewe. Meza ile bado ipo, nalia chakula upande wangu ule ule, na upande wake sijaweka kitu. Nimeapa sitamtilia tena mtu maneno mdomoni. Jumapili akipiga simu nanyamaza ili aongee yeye, nanyamaza mpaka anashtuka.

"Mama, upo?"

"Nipo."