Hema la Bibi, Turubai la Mama

Turubai jipya likipigwa na jua hutoa harufu yake ya peke yake: nta, mafuta ya taa kidogo, na vumbi la ghalani. Mwezi uliopita niliinusa dukani nikiwa na mume wangu. Tumestaafu mapema, tumejinunulia kigari cha kulala humohumo, na tunataka kuizunguka nchi hii kabla magoti hayajagoma. Kijana wa dukani akatueleza kwa adabu zote. "Mama, kuna hema la kusimamisha pembeni ya gari, lina zipu na madirisha. Na kuna hili turubai la kufunga ubavuni, kivuli tu. Wengi wanachukua hema." Mume wangu akaanza kuuliza maswali ya kitaalamu, mara kitambaa, mara vigingi. Alipogeuka, mimi nilikuwa nimeshabeba turubai langu naelekea mlangoni. Nikamwambia, mwenzangu, jambo hili kwetu liliamuliwa zamani, mnadani Mpui, nikiwa na miaka tisa, na aliyeliamua hakutaka mjadala.

Ninyi sogeeni niwasimulie vizuri, maana huyu mume wangu ananikatizakatiza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo tuliyazoea na chumvi na viberiti vyake, yakaanza kujaa ndoo za plastiki, sabuni za kunukia, vitenge vilivyovuka mpaka wa Zambia, na marobota ya mitumba. Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Chama kilipopunguza watu, akarudi nyumbani Kasense na Landrova kuukuu aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Akang'oa viti vya nyuma, akaweka godoro, kikabati cha vyombo, na jiko la mafuta ya taa. Sisi watoto tukaona tumepata ghorofa. Lakini wazo lilikuwa la Mama: tupakie bidhaa, twende minadani, tulale hukohuko siku mbili tatu, turudi. Baba aendeshe, yeye auze. Na ilikuwa sawa hivyo, kwa sababu Baba kuuza hakujui kabisa. Ukimsifia gari lake tu, ndoo umepewa bure.

Mama alitaka turubai. Unalifunga kwenye keria juu ya gari, unalivuta mbele juu ya miti miwili, unapanga bidhaa chini yake, na mtu anayeshuka kilimani anaziona tangu mbali. Alikuwa ameshaifikiria hata sehemu ya kutundika makoti.

Bibi akasema hapana.

Huyu alikuwa mama yake Baba, na tuliishi naye ua mmoja. Alikuwa mfupi, ila sauti yake ilifika hadi kijiji cha Mollo. Akamwita Baba, akamwita na Mama, akasema mbele yetu sote: "Mke wa mwanangu halali njiani kama mbuzi aliyepotea. Nyumba ni kuta na mlango. Kama hakuna mlango, haendi." Baba hakuwahi kumbishia mama yake tangu azaliwe, na hakuwa na mpango wa kuanza siku ile. Nilimwangalia Mama. Alikuwa amejifunga kitenge kipya cha safari, na alikuwa anajua, kama nilivyojua mimi mtoto, kwamba asipoondoka msimu ule wa mavuno, watu wakiwa na pesa, basi tena. Angerudi kwenye jembe na Landrova ingebeba mizigo ya wengine. Akajibu kwa upole, "Sawa, Mama. Tutafute hema." Moyo wangu uliniuma. Nilimwona Bibi mkorofi asiye na mfano.

Baba, mtu wa amani, akapata hema zito la kijani lililoachwa na wajenzi wa barabara. Lilikuwa na kuta nne na mlango wa kufunga kwa kamba. Bibi akaliingia, akalizunguka, akaligonga kwa fimbo, akaridhika. Kisha akatangaza kwamba safari ya kwanza anakuja mwenyewe.

Tulifika Mpui asubuhi ya Julai, mizigo imefunikwa turubai kwenye keria. Nyie mnaoijua Ufipa mnaujua upepo wa Julai. Unatoka huko kwenye ukingo wa bonde bila kukutana na mti wa maana, ukikufika unakuingia hadi kwenye meno. Hema likasimama. Bidhaa zikapangwa ndani, kwa mstari, safi kabisa. Bibi akaketi katikati juu ya mkeka, amejitanda kitenge cheusi hadi kichwani kwa ajili ya baridi. Nje, Baba akawasha moto, na wanaume wakaanza kuja kuota.

Sasa, tatizo la hema ni kwamba ni nyumba. Bibi alisema mwenyewe. Na nyumbani kwa mtu huingii hivihivi. Wachungaji wa Kisukuma waliokuja kuuza ng'ombe walisimama mlangoni wakapiga hodi. Wakakaribishwa. Wakaacha fimbo zao nje, wakavua katambuga zao nje, wakaingia wameinama, wakamwamkia Bibi shikamoo, mmoja mmoja. Bibi akaitikia, akauliza habari za watoto, za mifugo, za mvua ya mwaka jana. Na kwa kuwa mgeni haondoki kwa Bibi na kinywa kikavu, Mama akawapa chai na viazi. Walikunywa, wakashukuru, wakasifia mkeka. Lakini nani atanyanyua koti la mwenyeji wake aseme lina kiraka, punguza bei? Haiwezekani. Wakaaga kwa heshima, wakavaa katambuga, wakaenda kununua makoti kwa mtu aliyeyamwaga chini kwenye gunia.

Wakaja akina mama wa pale Mpui, hali ikawa ileile. Hodi, viatu nje, shikamoo, chai. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji kufikia saa sita tulikuwa hoi. Viazi vilikwisha, sukari ikakwisha, na Mama alikuwa ameuza sabuni moja tu, tena kwa Baba.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye bampa la gari nikiwa na hasira za kulia. Ndipo nikaona mwanamke mmoja anapita na mzigo wake, akasimama. Akatazama. Na mimi nikatazama pale alipotazama, nikaona alichokiona yeye: viatu vimejaa mlangoni, ndani wanawake wameketi kimya wakinywa chai, katikati yao bibi kizee amejitanda cheusi, nje wanaume wamezunguka moto mikono imenyooshwa, hawacheki. Yule mama akatua mzigo wake. Akafungua kanga yake akaivaa begani, akachota unga wa ulezi mzigoni akautia kwenye sahani, akaingia kwa hatua za taratibu, akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Poleni sana, mama. Pole kwa msiba."

Bibi akamtazama. "Msiba wa nani?"

"Ndiyo nilitaka kuuliza, mama. Ni mzee aliyetutoka, au mtoto?"

Nyuma yake tayari walikuwa wamepanga mstari wengine wawili, mmoja na kuni kichwani. Mimi nilianguka kutoka kwenye bampa. Baba alijifanya anakoroga moto, mabega yanamcheza. Mama alijiziba mdomo kwa kanga na machozi yanamtoka, na hadi leo sijui yalikuwa ya kicheko au ya kitu kingine. Wageni wote wakalipuka. Mama wa unga akajitetea, lo, nisameheni, jamani, nani angejua!

Bibi peke yake hakucheka. Alinyanyuka, akajikung'uta, akatoka nje, akasimama mbali kidogo akalitazama hema lake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ling'oeni hili kabla watu hawajaanza kuuliza kaburi liko wapi."

Mama hakungoja aambiwe mara ya pili. Turubai lililofunika mizigo kwenye keria akalishusha yeye mwenyewe. Baba akaligeuza gari likinge upepo, turubai likafungwa ubavuni, mawe yakawekwa miguuni mwa miti, na makoti yakatundikwa palepale alipokuwa ameshapawaza. Ilikuwa nje sasa, baraza, mahali pa watu wote. Wale Wasukuma wakarudi na viatu vyao miguuni. Wakavaa, wakavua, wakasema haya makoti yamevaliwa na marehemu wangapi huko Ulaya, na Mama akawajibu kwamba marehemu walikuwa matajiri kuliko wao. Alipatana, akakataa, akamwacha mteja aondoke, akamwita. Sikuwahi kumwona Mama yangu hivyo. Bibi alikalia ndoo iliyopinduliwa na hakumwondolea macho.

Jioni Bibi aliuendea mlango wa nyuma wa Landrova. Akaufungua, akaufunga, akalitikisa kufuli. "Gari lina kuta," akasema. "Lina mlango. Nani aliwadanganya kwamba mnahitaji hema?"

Safari ya pili hakuja. Asubuhi tulipokuwa tunaondoka alikuja hadi kwenye dirisha la Mama, akaweka mkono wake juu ya kioo kilichoshushwa, akamwambia, "Haya, nenda. Ila urudi, mwanangu." Mama akasema, "Nitarudi, Mama." Niliona ni maneno tu ya kuagana, kila mtu huyasema.

Nilikuwa mtu mzima, na Bibi ameshazikwa, Baba aliponieleza kwamba Babu, ambaye siku zote tuliambiwa alikufa kwa homa, hakufa kwa homa. Alienda kukata mkonge Tanga Baba akiwa bado anatambaa. Alisema atarudi kwa mavuno. Bibi alimngoja njiani mavuno baada ya mavuno, hadi nywele zikageuka mvi. Basi huo mlango wote alioutaka haukuwa wa upepo wala wa aibu ya watu. Alikuwa anaogopa kungoja tena, na mimi nilimwita mkorofi.

Mama alirudi. Alirudi safari ile na zote zilizofuata. Miaka ya mwanzo, gari likikata kona ya Kasense, tulimkuta Bibi amesimama barabarani, mkono kwenye paji la uso. Kisha siku moja hatukumkuta. Mama aliruka kabla gari halijasimama, akakimbia hadi uani, akamkuta ndani, ameketi jikoni anachambua maharage. Bibi hata hakunyanyua kichwa. "Mmechelewa," akasema. "Chakula kimepoa."