Kikohozi cha Mama Ndani ya Wimbo

Wacha nianze na ile ya aibu: niliapa kwa kaburi ya mama yangu ati sijatoa wimbo wa kwaya nje, na aliyeutoa ni mimi.

Nilikuwa nimekalia kreti ya soda huko Bungoma, kwa studio ya rafiki yangu. Studio ni chumba kimoja, blanketi zimegongwa kwa ukuta. Yeye ndiye hurekodi kwaya yetu. Mama aliimba kwa hiyo kwaya mpaka mwaka aliotuacha. Mimi niko kwa kwaya kwa sababu walikosa mtu wa kubeba spika. Shule niliachia form two, kwa hivyo kubeba nimehitimu.

Wimbo ulikuwa haujatoka. Alitupatia kila mtu kopi kwa simu tujifunze, akatuomba wimbo usitoke nje ya kwaya. Wiki hiyo nilikuwa Kitale, nikamchezea jamaa anayewekea watu nyimbo kwa flashi. Nilitaka tu aone mimi ni msanii.

"Nitumie, buda," akasema. Nikatuma.

Baada ya siku chache, hata posho mill ya Kiminini ilikuwa inasaga nao. Kwaya ikasema aliyeutoa ni dada mmoja anayetuongoza kuimba. Atolewe Jumapili.

"Sasa ni nani?" rafiki akaniuliza.

"Si mimi. Haki ya kaburi ya mama."

Akanivalisha hedifoni.

"Hii nimetoa kwa flashi ya Kitale. Kila kopi nilificha sauti ndogo chini ya ngoma, kila mtu na yake, ndio nijue nani ametoa. Ya dada ni sauti ya mlango ukifungwa. Sikiza hii."

Akapunguza ngoma. Mama akakohoa. Mara mbili, halafu akavuta pumzi, vile alikuwa anafanya kila mara kabla aimbe. Nikangoja aimbe. Hakuimba.

"Hicho kikohozi nilikikata kwa rekodi yake ya zamani," akasema. "Nilijua ukisikia huyo hutabisha."

Jumapili nilisimama mbele ya kwaya nikasema ni mimi, nikatia na kichekesho. Hakuna aliyecheka. Dada alibaki. Mimi bado nabeba spika.

Lakini wimbo hauishi kuchezwa. Uko kwa kinyozi, uko kwa hardware ya Mhindi pale Kitale. Watu hawasikii hicho kikohozi. Mimi ngoma ikiingia tu, nageuka. Siku moja kwa laini ya kununua mbolea, ukicheza kwa simu ya mtu, niliitika, "Naam, mama?" Mzee aliyekuwa mbele yangu akaniambia yeye ni baba ya watu.

Nikarudi Bungoma kumwomba rafiki ile rekodi ya zamani, ndio nimsikie akiimba baada ya hiyo pumzi.

"Ilienda na kompyuta, stima iliichoma," akasema, akikunja waya zake. "Sasa mama ako tu kwa ile kopi yako ulipeana, bana. Kwa hivyo ukipata watu wanaicheza, usiwaambie wazime."