Chumba Kilichomficha Mwalimu

Miaka ya sabini ilipokuwa ikianza, nilitoka kwetu Busia nikaja kuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ndogo mjini Nyeri iliyoshughulikia karatasi za walimu. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja, viti vyetu vikigusana migongo. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba kikubwa kilichofungwa kwa kufuli. Humo mlikuwa na viti vya miguu mitatu, taipureta zisizo na herufi, mapazia ya wakati wa mkoloni, makabati mabovu, na mafaili yaliyopangwa hadi darini.

Kufuli lilikuwa la karani mkuu, mzee mpole kutoka Machakos. Ukimwambia vitu vile vitupwe, alijibu, "Mali ya ofisi haitupwi, binti yangu. Siku moja itaulizwa." Aliwahi kuona mwenzake akifukuzwa kazi kwa ajili ya stuli iliyopotea, na tangu hapo hakuachilia hata msumari.

Kila shule zilipofungwa alikuja mwalimu mmoja, mama wa makamo kutoka Giakanja. Alikung'uta udongo mwekundu viatuni kabla ya kuingia. Zamani alikuwa ameleta cheti chake cha ualimu kikaguliwe, nacho hakikurudi. Bila cheti alihesabiwa kama mtu asiyesomea kazi, na watoto aliowafundisha kusoma sasa walikuwa wanatoka vyuoni na kuwa wakubwa wake. Tulimwambia faili lake halionekani. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mara tatu au nne, bila kuinua macho.

"Basi nitakuja tena," alisema kila mara.

Mwaka mmoja mvua ya Aprili ilitoboa dari ya chumba kile, na mkubwa wetu akaamuru kila kitu kitolewe. Ilituchukua siku tatu. Rundo lilijaa uani likapita kimo cha mtu, na wapita njia wakasimama kushangaa. Siku ya tatu tulisukuma kabati la mwisho. Nyuma yake, katikati ya vumbi na mavi ya panya, zilikuwa zimeanguka bahasha kadhaa. Niliokota ya juu nikasoma jina: lilikuwa la yule mwalimu wa Giakanja, na ndani mlikuwa na cheti chake.

Karani mkuu alivua miwani. "Kabati hili nililiingiza mimi," alisema polepole. "Nilisema likae kwa muda tu."

Tulituma habari shuleni kwake, na kesho yake asubuhi alifika. Alikisoma cheti mstari kwa mstari, kama barua ya mtu mwingine. Kisha akaniuliza, "Kilikuwa wapi?"

Nikampeleka. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, na jua limeingia hadi ukuta wa mbali. Sikujua kilikuwa kikubwa namna ile. Hatua zetu ziliitika. Alitembea hadi katikati akasimama, akazungusha macho.

"Ati darasa langu lote lingeenea hapa," alisema. "Kumbe miaka hii yote mimi nilikuwa humu."

Karani mkuu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mwalimu, nisamehe."

Nilingoja mwalimu amfokee. Alimwendea, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mzee, mimi nilikuwa nimeanza kufikiri labda sikusoma," alisema. "Nilikuwa najiuliza kama hicho chuo nilikiota."

Mpaka leo sijui mtu hupata wapi moyo wa namna hiyo. Mkubwa wetu aliniamuru niandike barua ya kumrudishia cheo chake papo hapo. Niliketi kwenye taipureta, mwalimu akasimama kando yangu, na kwa haraka yangu nikaharibu karatasi mbili.

"Andika polepole, mwanangu," aliniambia. "Leo sina haraka."