Kufu ya Kombe

Majirani walipoona tangi la kioo likipandishwa ngazi zetu, walisema kumbe uvivu nao una vyeo: bahari iko mwisho wa kichochoro, na mimi nimeagiza iletwe sebuleni. Mimi ni mtu wa ndani, nikienda hadi sokoni hustahili kuagwa kwa dua.

Lakini tangi halikuwa langu. Hoteli moja ya Ras Kitau ilikuwa ikibadilisha mapambo, na mke wangu akalichukua pamoja na vilivyomo kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe ni mtu wa Mbwajumali. Maji ya bahari yakitoka, aliyajua mawe ya pwani yao kama wengine tunavyojua vyumba vya nyumba zetu. Magoti yalipozikataa ngazi akabaki kwetu ghorofani, na bahari akawa anainusa tu.

Mle ndani alipenda kitu kimoja: kombe hai la magamba mawili, lenye midomo ya buluu, na vijicho vimepangika pembeni kama shanga. Kila asubuhi akimaliza uradi alivuta kiti. Kombe hujifunga kivuli kikipita, na changu kililifunga kila mara. Chake likakizoea.

Kisha nikaona juu ya jiwe kimeota kitu cha kahawia, shina laini lenye vinyuzi kichwani. Nikatangaza kwamba tumepata ua, tena bila kulipanda. Kumbe ua lile ni mnyama, na tena ni gugu: huzaana kwa wingi na huchoma kila linachokigusa. Magugu yalipofika ubavuni mwa kombe nilikumbuka somo la kilimo la sekondari, nikatumbukiza mkono na mkasi nikayafyeka. Wiki iliyofuata kila kipande kilikuwa kimeshika jiwe na kuwa ua zima. Nilikuwa nimepalilia kwa kupanda.

Kombe likaanza kufunguka nusu, kisha robo. Mama mkwe akaacha kuvuta kiti.

Hapo mke wangu akashika mambo. Kwao, binti hatolewi mpaka iulizwe kama mposaji ni kufu yake: ni wa nani, ana tabia gani, ataishi vipi na watu wa nyumba. Maswali yale yale akampigia nayo simu binamu yake, mvuvi wa Mkokoni. Binamu alimtaja samaki fulani mwembamba wa manjano anayekula magugu yale. Mke wangu akauliza yakiisha atakula nini. Binamu akakiri kwamba huenda akadonoa midomo ya kombe. Posa ikarudishwa. Akatajwa kamba mdogo mwenye mistari myekundu, anayeyala yakiwa bado machanga na kuwaacha wenzake salama. Huyo akakubaliwa, ila likabaki swali la jirani, na wote wawili tukamtazama samaki wangu, chewa aliyekuja na tangi.

Chewa yule nilimpenda kuliko vyote tangini. Alikaa pangoni mwake tangu asubuhi, mdomo nje, akingoja kuletewa.

"Huyu hakai na kamba, Bwana," mke wangu alisema. "Atammeza, halafu wewe utaniambia ni kadari."

Nikamtetea kwamba hana ubaya na mtu, hutulia tu nyumbani kwake.

"Najua. Ndiyo maana mnapendana."

Nilimbeba mwenyewe kwa ndoo hadi baharini nikamwachia. Njiani jirani mmoja aliniuliza kama nahama.

Magugu yaliyokwisha kukua kamba wasingeyaweza. Binamu alisema dawa yake ni chokaa, nami nikaanza kueleza jinsi ya kuiagiza Mombasa. Mama mkwe akafungua kijaluba chake cha tambuu, akasogeza chokaa. Mke wangu akaikoroga na maji ikawa kama uji, akaivuta kwa bomba la sindano, nami nikazima pampu ili maji yatulie. Mkono wake ni ule ule unaochora piko kwenye nyayo za maharusi. Alishusha tone mdomoni mwa kila gugu kabla halijajikunja, machache kwa siku ili maji yasichafuke, na kombe halikuangukiwa hata na chembe. Nilishika taulo. Hiyo ndiyo kazi niliyoaminiwa.

Kamba walipofika kutoka Mkokoni walijificha mchana kutwa, nikasema tumetapeliwa. Lakini magugu machanga yakawa yanapungua kila kukicha.

Asubuhi moja nikasikia kiti kikiburutwa. Kombe lilikuwa wazi, buluu yote nje, na kivuli cha mama mkwe kimelilalia.

"Yeo limefumbua mato," alisema, akivitazama vile vijicho, kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kulishtua. Kisha akaniita kwa mkono, bila kugeuka: "Nawe ndoo ukae, mkwe wangu. Kaa mbali kidogo."

Nikakaa mbali kidogo. Pango la chewa liko tupu hadi leo. Mke wangu husema haoni haja ya kulijaza, chewa mmoja aliyebaki sebuleni anatosha.