Taa za Trela ya Baba

Jana barabarani Nchelenge niliona trela, taa zake zikiwaka ovyo. Woga wa zamani ukanirudia.

Nilikuwa mudogo. Baba alikanyaga breki ndani ya gari, mimi nikaangalia taa nyuma ya trela, penye harufu ya samaki mukavu. Badala ya taa za breki, taa za kukata kona ndizo zilizowaka, tena kidogo kidogo. Nikajua trela ina pepo, nikaogopa kulitaja lisinirukie.

"Breki inawaka, we mama?" Baba aliniita hivyo, mimi binti yake.

"Inawaka, baba," nikadanganya.

Mama yangu akapanda kwenye trela, juu ya magunia, mutoto mugongoni. Gari likaondoka. Nikalikimbilia nikilia, "Baba, simama! Haiwaki!"

Baba akasimama. Hakunipiga. Alikwangua kutu pale waya wa taa ulipofungiwa kwenye chuma cha trela, na breki ikawaka nyekundu.

Leo najua ilikuwa kutu tu. Lakini ile injini ikiondoka na mama, ningali naisikia.