Kocha wa Binti Yangu

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Uongo. Mimi nilishiriki mwaka mzima na sikukonda hata kidogo. Nilikula vizuri, nikanenepa, na roho ikaniuma vilevile.

Siku za wiki nilikuwa mwalimu wa shule ya upili. Jumamosi, wenzangu wa kijijini Kanja wakichuma majani chai yao, mimi nilikuwa nikifungua ukumbi wa kanisa na kuwafundisha vijana biashara. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Niliwafundisha kufuga sungura, kuuza miche ya parachichi, kutofautisha faida na pesa ya kuonekana tu mfukoni, na kusimama mbele ya mteja bila kutazama viatu. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, akikaa mstari wa mbele. Nikiuliza swali nilijifanya simwoni ameinua mkono, watu wasiseme nampendelea, lakini moyoni nilijua kwamba mtoto huyu nimemfundisha mwenyewe.

Ndipo akaja yule dada kutoka Meru mjini. Mradi fulani wa vijana ulimtuma aendeshe mafunzo palepale ukumbini, na mchungaji akanijulisha kwamba sasa nimepata msaidizi. Msaidizi! Jumamosi ya kwanza alipanga viti duara, akawachezesha mchezo wa kuuziana kalamu, wakacheka mpaka watu wakatoka kwenye zahanati ya jirani kuangalia kuna nini. Mimi aliniletea kiti, akasema, "Mama, pumzika kidogo." Alikuwa na adabu, hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa na dharau ningepata pa kumshikia.

Vijana wakaanza kumwita Kocha. Mimi waliendelea kuniita Mwalimu, jina ambalo hata yule wa chekechea analo. Binti yangu akanyoa nywele fupi kama zake. Nikiinjika chai, Kocha amesema. Nikikata sukuma wiki, Kocha amesema. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajiambia, watamchoka. Hawakumchoka.

Kikundi cha binti yangu kiliamua kutengeneza krispi za nduma, yaani magimbi. Nduma ilikuwa tele kule mtoni, na wao waliikata nyembamba, wakaikaanga na kuitia chumvi na pilipili, wakaifunga kwenye pakiti zenye picha ya mlima aliyoichora binti yangu. Zilikuwa tamu, siwezi kuwanyima hilo. Mradi ungefanya maonyesho Kinoru, kule Meru, karibu na uwanja wa michezo, na kikundi kitakachouza vizuri kuliko vyote kingepewa mashine ya kukaangia. Binti yangu alikuwa ameshafagia pembe moja ya stoo yetu na kuhamisha magunia ya mahindi. Mashine ingekaa pale, alisema, na akimaliza shule asingemwomba mtu kazi.

Ilibaki kupanga bei. Kocha alisema soko ndilo lingepanga, na kwa kuwa Jumapili ile ilikuwa ya mavuno, akaomba pakiti moja iwekwe kwenye mnada wa kanisa.

Kwetu sadaka ya mavuno haihesabiwi tu ikaisha. Ndizi, kuku, debe la maharagwe, kila kitu hunadiwa uani baada ya ibada, na mnada wenyewe ni sherehe. Pakiti ile iligombewa na wazee wawili ambao watoto wao wameoana, na mkwe hakubali kushindwa na mkwe mbele ya watu. Aliyeishinda akampa mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji akairudisha inadiwe tena, kama ilivyo desturi, na wazee wakaanza upya. Pakiti ya krispi ikaondoka kwa bei ya mbuzi, vigelegele juu.

Kocha alikuwa nyuma, machozi yanamlengalenga. Kanisani kwao mjini watu hutuma pesa ya mavuno kwa simu; hakuwa ameona kuku akinunuliwa mara tatu na akabaki palepale. Aliwaambia vijana kwamba soko limesema. Ili asionekane na tamaa akapunguza ile bei, akapunguza tena, na bado pakiti ikabaki na bei ya sahani ya pilau hotelini.

Jioni hiyo nilimkuta binti yangu jikoni akimenya nduma, nikamwambia.

"Wale wazee hawakutaka krispi, walitaka kushindana. Ukitaka kujua bei ya kitu, muulize mtu mwenye njaa ambaye hakuna anayemtazama."

Hakuinua kichwa. "Mama, wewe una wivu na Kocha."

Ni kweli nilikuwa na wivu. Na nililosema lilikuwa kweli pia. Yote mawili yalitoka kwa mdomo mmoja, na yeye akasikia moja. Nilimfuata hata Kocha mwenyewe. Akanisikiliza, akanishukuru, akasema vijana lazima wajifunze kuthamini kazi ya mikono yao. Basi nikanyamaza, ningefanya nini?

Kinoru nilienda na chupa ya chai, eti niwapelekee. Watu walionja, wakasifu, wakauliza bei, wakairudisha pakiti mezani polepole kama watu wanaorudisha mtoto wa wenyewe. Meza ya pili vijana wa Gachoka waliuza ndengu za kukaanga kwenye vipakiti vidogo, na foleni haikukatika. Mashine ikaenda Gachoka. Mungu anisamehe, kuna pembe ya moyo wangu iliyokuwa ikiimba. Nilisogea karibu na meza ili binti yangu akigeuka kulia anikute mimi, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sitasema nilikuonya.

Kocha akawakusanya. "Kosa ni langu, si lenu," akasema. "Nilisikia bei ya kanisani nikaidhania ya soko."

Binti yangu alinipita. Alipita pale nilipokuwa nimesimama na chupa yangu, akamkumbatia yule dada, akalia begani kwake, na wenzake wote wakawazunguka. Mimi nilikuwa nimesema kweli nikaambulia jina la mwenye wivu. Yeye alikosea, wakampenda kuliko jana.

Sasa binti yangu ni mtu mzima na anafundisha vijana biashara kule Gachoka. Majuzi aliniomba nifike Jumamosi moja, nikaenda na chupa yangu ya chai. Alinadi pakiti ya biskuti darasani, vijana wakapandishiana bei kwa kelele na vicheko, kisha akainua mkono wakatulia.

"Ukitaka kujua bei ya kitu," akawaambia, "muulize mtu mwenye njaa ambaye hakuna anayemtazama. Hilo nilifunzwa na Kocha wangu siku tuliyoshindwa Kinoru."

Niliinua mkono. Sijui nilitaka kusema nini. Aliuona, akatabasamu, akawageukia vijana.

"Na yule pale ni mama yangu. Ametuletea chai."

Wakanipigia makofi. Nikafungua chupa, nikaanza kuwamiminia.